Sehemu ya pili ikidoda, mashabiki tunapitia nini

Mi nilianza kufuatilia mapato ya muvi Januari 2018 na sababu ni dubu mmoja mwenye kofia nyekundu na koti la bluu. Paddington 2 ilikuwa imeshatoka Uingereza tangu Novemba 2017 na kule ilikuwa inafanya vizuri sana, mpaka mwisho wa safari yake ikaipita hata ile ya kwanza, wahakiki wanaisifia kila kona, Hugh Grant kacheza yule mwigizaji aliyefulia anayeiba kitabu na watu wanasema hajawahi kucheza vizuri hivi. Sisi tulioipenda ya kwanza tukawa tunasubiri ifike Marekani tushangilie. Ikafika tarehe 12 Januari, na wikiendi ya kwanza ikaingiza kama dola milioni 11. Ya kwanza ilipofika kule kule mwaka 2015 ilianza na kama milioni 19. Sasa hapo ndo kichwa kinakuuma, maana karibu kila aliyeiona anakwambia hii ni bora kuliko ya kwanza, halafu waliokwenda kuiona ni wachache kuliko wa ya kwanza.

Siku zile wenzangu na mimi tulichanganyikiwa kweli. Mmoja analaumu wasambazaji, mwingine analaumu Wamarekani wote kwa jumla kwamba hawajui kizuri, mwingine anasema watoto wa siku hizi bila milipuko hawakai kwenye kiti, na kuna rafiki yangu aliapa hatoangalia tena muvi yoyote iliyokuwa ukumbini wiki ile kwa sababu ndo zimekula hela ya dubu wetu. Hao niliwaelewa, uchungu ni uchungu. Walionisumbua ni wale wengine, wale ambao Ijumaa walikuwa wanasema wametoka ukumbini macho mekundu kwa kulia, namba zikatoka, na Jumatatu wanasema "ah, kumbe haikuwa kali kivile". Yaani muvi ni ile ile, machozi ni yale yale, ila namba imewaambia wajisikieje na wao wakakubali. Hilo liliniingia sana na nimekuja kuliona tena na tena kwa kila sehemu ya pili iliyododa tangu hapo.

Ikabidi nitafute kujua kilichotokea, si kwa ajili ya kubishana, ni kwamba nilitaka kulala vizuri. Kumbe huku nyuma kulikuwa na mambo mazito. Haki za kuisambaza Marekani zilikuwa za kampuni ya Weinstein, na Oktoba 2017 zile habari za mwenye kampuni, Harvey Weinstein, kutuhumiwa unyanyasaji wa kingono zikalipuka dunia nzima, sasa fikiria muvi ya watoto ipakwe jina hilo. Ikabidi iuzwe haraka, Warner Bros. wakaichukua Novemba, na muvi inatoka Januari. Matangazo ya muvi ya familia huwa yanaanza kupikwa mapema, trela inawekwa mbele ya muvi nyingine za watoto miezi kabla, mabango, vipindi vya asubuhi, kila kitu, na hapa wamebakiza kama miezi miwili na katikati kuna sikukuu. Halafu wikiendi yenyewe wakaikuta Jumanji mpya, iliyotoka Desemba, imekaa namba moja na familia bado zinaingia huko. Kwa hiyo ile milioni 11 ilikuwa inasema habari za kampuni, kalenda na foleni ya muvi nyingine, ilikuwa haisemi chochote kuhusu dubu.

Ila aliyenifundisha zaidi ni dada yangu, ambaye hafuatilii mapato wala hajui wikiendi ya kwanza ni kitu gani. Nilimpigia nikamuuliza, dada, umewapeleka wanao kumwona Paddington? Akanijibu, mdogo wangu, Januari hii? Juzi tu wakubwa wametuburuza kwenye Jumanji, unajua we ukienda sinema unakata tiketi moja, mimi nakata ya kwangu, ya baba yao, na ya kila mtoto, halafu mdogo akilia katikati natoka naye nje sioni hata ilivyoisha. Nikamwambia lakini si mliipenda ile ya kwanza? Akasema tuliipenda sana, mpaka leo wanaiweka, ila ile si tuliiona nyumbani, na hii nayo tutaiona nyumbani.

Nikakata simu nikakaa kimya. Yule ni shabiki wa kweli, watoto wake wanaijua muvi ya kwanza maneno kwa maneno, lakini mapenzi yao yote yalizaliwa sebuleni na ukumbi wa sinema haujawahi kuwa sehemu ya hayo mapenzi. Nikaanza kuuliza na wengine wenye watoto nikakuta hadithi inafanana. Sisi tusio na watoto tunahesabu ukubwa wa mapenzi kwa jinsi tunavyosikia watu wanaisema muvi, tunadhani kila anayeipenda ya kwanza ni tiketi inayosubiri kukatwa, na si hivyo. Mzazi anaangalia tarehe, anaangalia hela, anaangalia kama mdogo ataogopa, anaangalia kama mkubwa ataona ni ya kitoto, na mwezi mmoja anaweza kuwapeleka mara moja tu, kwa hiyo muvi mbili za familia zikigongana moja lazima iumie hata kama zote ni nzuri.

Nikirudi nyuma naona hili ndo lilimkuta yule nguruwe. Babe ya mwaka 1995 nilikua nayo kwenye mkanda, muvi ilitengenezwa kwa bajeti ya kawaida tu ikaingiza zaidi ya dola milioni 250 duniani, ikateuliwa Oscar mara saba ikiwemo ya muvi bora, nguruwe anayechunga kondoo! Sehemu ya pili, Babe: Pig in the City, ikatoka wiki ya Thanksgiving 1998, George Miller, mtayarishaji wa ile ya kwanza, akakaa mwenyewe kwenye kiti cha dairekta, bajeti inatajwa kuwa kama milioni 90, na Marekani ikaingiza kama milioni 18 tu. Milioni 18! Wiki ile ile A Bug's Life inasambaa kumbi zote, na The Rugrats Movie imetoka Ijumaa iliyotangulia, sasa mzazi mwenye nafasi ya muvi moja tu anachagua nguruwe aliyepotea kwenye mji wa kutisha au anachagua katuni ya mdudu? Mkuu wa Universal Pictures wakati huo, Casey Silver, akaachia ngazi siku chache baadaye. Na muvi hiyo hiyo, mhakiki Gene Siskel aliiweka namba moja kwenye muvi zote za mwaka 1998. Namba moja, juu ya muvi zote za vita na mapenzi za watu wazima. Mi naipenda hiyo muvi kuliko ya kwanza, ni nzito, ina huzuni, inawaheshimu watoto kwa kuwaonyesha kwamba dunia inaweza kuwa ngumu na bado mtu akawa mwema, ila nakubali pia kwamba mzazi aliyeona trela yake alikuwa na haki ya kusita.

Na ya zamani zaidi ni The Rescuers Down Under ya Disney, Novemba 1990. Ilitoka siku moja na Home Alone. Wikiendi ya kwanza kama milioni 3.5, wenzao kama milioni 17, na Jeffrey Katzenberg, bosi wa studio ya Disney wakati huo, akaamua matangazo ya televisheni yakatwe hapo hapo. Wikiendi moja tu wakaifungia kitabu. Hii ndo muvi ndefu ya kwanza kutengenezwa na Disney kwa mfumo wa kompyuta wa CAPS kuanzia kupaka rangi mpaka kuunganisha picha, yule tai anavyoruka na mtoto mgongoni mpaka leo nikiiona nywele zinasimama, kazi iliyofungua njia kwa katuni kubwa za miaka iliyofuata, na ilihukumiwa ndani ya siku tatu.

Sasa ukishaumia mara kadhaa hivi unajifunza kuzisoma namba zenyewe, na hapa ndo naona mashabiki wengi wanateseka bure kwa sababu wanazitazama kama msimamo wa ligi, aliye chini ni mbovu basi. Kwanza hela ya tiketi haiendi yote kwa waliotengeneza, ukumbi unabaki na sehemu yake, kwa hesabu ya harakaharaka sema karibu nusu, na China ndo usiseme maana studio ya nje inapata kama asilimia 25 tu. Pili ile bajeti inayotajwa ni ya kutengeneza muvi, matangazo hayamo humo, ndo maana watu wa fani hiyo husema muvi iingize kama mara mbili na nusu ya bajeti yake ndo ianze kupumua. Tatu, uliza duniani kote. Paddington 2 iligharimu kama milioni 40, Marekani iliishia kama milioni 40, ukisimama hapo utalia, lakini dunia nzima ilivuka milioni 220, kwa hiyo waliokuwa wanaizika walikuwa wanazika muvi iliyo hai, imedoda nchi moja tu, kubwa ndiyo, ila moja. Babe ya pili haikuwa hivyo, ile iliumia kweli kweli popote ulipoipeleka. Ni vitu viwili tofauti na shabiki akijua tofauti anapunguza presha.

Na kuna kitu cha nne ambacho sikukipata kwenye kusoma, nilikipata kwa kukaa na muvi moja wiki baada ya wiki. Puss in Boots: The Last Wish, katuni ya paka mwenye buti. Desemba 2022, imetoka siku chache tu baada ya Avatar mpya, wikiendi ya kwanza Marekani kama milioni 12, wakati Puss ya kwanza mwaka 2011 ilianza na milioni 34. Mashabiki wakaanza msiba siku hiyo hiyo, nakumbuka watu wanaandika maneno ya kuaga kabisa, eti hatutoona tena katuni ya namna hii, na mi moyoni nilikuwa karibu nijiunge nao. Halafu wiki ya pili haikushuka. Ya tatu ikasimama. Januari ikaanza kukodishwa majumbani na bado ukumbini watu wanaingia, wazazi wanaambizana, watoto wanataka kumwona tena yule mbwa mwitu anayepiga mluzi japo anawatisha, na mwisho wake Marekani peke yake ikafika kama milioni 186 na dunia nzima zaidi ya milioni 480. Yaani wikiendi yake ya kwanza ilikuwa kama sehemu moja ya kumi na tano ya ilichokuja kuingiza nchini humo. Muvi za familia zina hiyo tabia, zinatembea polepole kwa sababu wazazi wanapata habari polepole, ni mzazi kwa mzazi, wanaangalia lini shule zimefungwa, lini mdogo amepona mafua. Kuihukumu Jumapili ya kwanza ni kuihukumu kabla wenyewe hawajafika.

Lakini sitaki niseme kwamba kila ikidoda ni bahati mbaya au ni kalenda, hapana, huo nao ni uongo tunaojidanganya mashabiki. The LEGO Movie 2 ya mwaka 2019, ile ya vitofali vya kuchezea, niliipenda, nyimbo zake, ule ugomvi wa kaka na dada, lakini iliishia kama milioni 190 duniani wakati ya kwanza ya mwaka 2014 ilipita milioni 460, na pale nadhani sababu iko wazi. Katikati, mwaka 2017 peke yake, zilitoka mbili nyingine za LEGO, ya Batman na ya Ninjago, kwa hiyo hamu ilishatumika. Na miaka mitano kwa mtoto ni umri mzima. Aliyekuwa na miaka saba wakati wa ya kwanza sasa ana kumi na mbili, anaona aibu kuonekana na wazazi kwenye foleni ya muvi ya matofali, na aliye na miaka saba sasa hivi ya kwanza ilimpita akiwa na miwili. Hii ndo shida kubwa ya sehemu ya pili za familia na sisi mashabiki watu wazima hatuioni kwa sababu sisi hatukui tena, tunasubiri miaka mitano tukiwa wale wale. Kwa muvi za watoto, kila baada ya miaka michache unatafuta watazamaji upya.

Kingine kinachonigusa ni jinsi tunavyowatendea watu tukiwa na uchungu. Mwaka 2021 pale Rotten Tomatoes, tovuti inayohesabu ni asilimia ngapi ya wahakiki wameipenda muvi, walichimbua uhakiki wa gazeti la Chicago Tribune wa mwaka 1941 usioipenda Citizen Kane, ikashuka kutoka asilimia 100 hadi 99, na Paddington 2 ilikuwa bado na 100 yake, mashabiki tukafurahi mno, dubu yuko juu ya muvi inayoitwa bora kuliko zote. Ni kama ile namba ilikuja kutulipa machungu ya Januari 2018. Haikupita muda mhakiki mmoja akaandika kwamba yeye hakuipenda, ikashuka hadi 99, na kuna mashabiki walimshukia kwa matusi ya kutisha. Kwa ajili ya Paddington! Dubu ambaye muvi nzima inahusu yeye kuwatendea wema hata wafungwa. Nilihuzunika kuliko nilivyohuzunika kwa ile milioni 11, maana ile haikuwa kazi yetu, hii ilikuwa yetu. Na ni kitu kile kile na wale wanaowasema wazazi eti hawapeleki watoto kwenye muvi nzuri wanapeleka kwenye takataka. Mama aliyechagua Jumanji kwa sababu watoto wake wote wangeifurahia pamoja hajamkosea mtu yeyote.

Kwa hiyo mi siku hizi nafanya tofauti, na naona inasaidia kuliko kubishana. Muvi nayoitaka ipone naenda mapema, wikiendi ya kwanza hiyo hiyo, kwa sababu wenye kumbi wanaangalia siku hizo kuamua wiki ijayo inabaki na saa ngapi na chumba gani, ikianza vibaya inahamishiwa asubuhi saa ambazo hakuna mtu, halafu inaonekana haina watu, halafu inatolewa. Na badala ya kuwaambia watu wanaoipenda tayari, nawaambia wazazi, kwa lugha wanayoihitaji, kwamba ina dakika ngapi, kuna sehemu ya kutisha katikati ila inapita haraka, mdogo wa miaka minne ataweza, mkubwa hatochoka. Hakuna mzazi aliyewahi kunisikiliza kwa sababu nimemwambia asilimia 99 za wahakiki. Wananisikiliza nikiwaambia hakuna damu.

Ilipokuja Paddington in Peru Marekani, tarehe 14 Februari 2025, wamepangiwa siku moja na Captain America mpya, na wenzangu wakaanza tena kulia kabla hata mlango haujafunguliwa. Mwisho wake ilifika kama milioni 45 kule, juu kidogo ya ya pili, chini kabisa ya ile 76 ya kwanza. Mjadala ukawaka, wengine wanasema ni kwa sababu Paul King, dairekta wa zile mbili za mwanzo, hakuiongoza hii, wengine wanasema Sally Hawkins kaondoka na nafasi ya mama Brown kachukua Emily Mortimer, wengine wanarudi kwa Wamarekani wao. Mi maoni yangu haifikii ya pili, nimesema hivyo tangu nilipotoka ukumbini na namba hazijanibadilisha kwa juu wala kwa chini.

Nilikwenda na wanawe dada, na safari hii na yeye mwenyewe, kwa sababu nilimkumbusha wiki tatu kabla na nikasema tiketi za watoto ni juu yangu. Yule mdogo aliyekuwa anatolewa nje akilia sasa ni mkubwa, alikaa mwanzo mwisho. Tulivyotoka dada akaniuliza mbona ukumbi ulikuwa mtupu hivi na muvi nzuri, nikaanza kumweleza habari za Captain America na kalenda, akanikatisha akasema mdogo wangu, hayo sijui, ila ya nne ikitoka uniambie mapema hivi hivi, nipange.